Masega na Dhamiri



Kijana mmoja wa hapa Kanoni ana Subaru Impreza ya zamani. Taa ya injini inawaka, masega yamekufa, na fundi kamwambia, "Tunayatoa tu, bure." Akaniuliza, "Frateri, kuna dhambi hapo?"

Tuanze na kifaa chenyewe. Masega hukaa kwenye bomba la moshi. Yamepakwa platini, paladi na rodi, madini ya bei kubwa. Kwa hiyo hiyo "bure" si bure. Kazi yake ni kupunguza sumu ya moshi, kama kaboni monoksaidi. Mara nyingi hayafi yenyewe: plagi mbovu au injini inayokula oili ndiyo huyaua. Tibu chanzo kwanza, ndipo ufunge mengine.

Ukiyatoa, gari litakimbia tu, tena kwa mlio mtamu. Anayevuta ule moshi ni mtoto anayetembea nyuma yako kwenda shule. Wapo pia wanaodanganya sensa ili taa izimike. Mt. Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba dhamiri ni tendo: kutumia unachokijua juu ya jambo unalotaka kufanya. Wewe sasa unajua.

Gharama ni kubwa, sikatai. Basi dunduliza, hata gari likae miezi miwili. Katika Laudato Si' (2015), Papa Fransisko aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja.

Tujiulize wiki hii: ni taa gani moyoni nimeizima bila kutengeneza kilichoharibika?