Kipupwe ziwani: sangara wakielea, kimbilia vizimba vyako

Msimu huu wafugaji wa vizimba Ziwa Victoria wananiuliza swali lilelile: mbona sato wamegoma kula, na mbona sangara wakubwa wanaelea wamekufa? Wengi wanasema ni sumu. Sumu ipo, sikatai, lakini kati ya Juni na Agosti mimi huulizia oksijeni kwanza.

Kuanzia kama Septemba hadi Mei maji ya ziwa hukaa kwa matabaka. Ya juu yana joto na hewa. Ya chini ni ya baridi, na mwani unaozama huozea huko hadi oksijeni inakwisha. Kipupwe kikiingia, upepo wa kusini-mashariki unapuliza, maji ya juu yanapoa na kuwa mazito, basi matabaka yanachanganyika. Victoria halina kina kikubwa, penye kina zaidi ni kama mita 80 tu, kwa hiyo upepo unaliweza. Maji yasiyo na hewa yakisukumwa kwenye ghuba yako, samaki wa porini akiwahi anahama. Wa kizimbani aende wapi?

Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato, ndiyo maana mara nyingi hutangulia kufa. Wavuvi wakikwambia wameona sangara wanaelea, usisubiri kesho. Na si kipupwe peke yake: mwanzoni mwa 2021 sangara walikufa kwa wingi upande wa Uganda na Kenya, na wataalamu wa Uganda wakasema dhoruba zilivuruga maji na oksijeni ikapungua.

Pima alfajiri kabla jua halijatoka, maana usiku mwani nao unatumia oksijeni. Kipimo cha saa sita mchana kitakudanganya. Pima juu, katikati na usawa wa chini wa wavu. Miligramu 5 kwa lita, endelea na kazi. Ikishuka chini ya 3, usilishe kabisa, usipange samaki kwa ukubwa, usihamishe. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni zaidi kumeng'enya chakula. Huna kipimo? Tazama samaki: wakijazana juu wakitweta, hali ni mbaya tayari.

Suala la chakula ndilo linalokula hela kimyakimya. Maji yakipoa sato hupunguza kula, lakini kijana analisha kwa jedwali lilelile la Februari. Chukua samaki 2,000 wa gramu 200, yaani kilo 400. Kwa asilimia 3 unamwaga kilo 12 kwa siku. Wakila 8 tu, kilo 4 zinazama kila siku, zinaoza chini ya kizimba na kula oksijeni unayoilalamikia. Mwaga kidogo kidogo, wakipunguza kasi, acha.

Ushauri wangu mkubwa ni wa kalenda. Sato wa kizimbani huchukua kama miezi 6 hadi 8. Pandikiza Septemba au Oktoba, uvune kabla Mei haijaisha. Kuwa na tani nzima ya samaki wa kuuza majini mwezi Julai ni kucheza kamari, maana usiku mmoja unatosha kuimaliza.

Waliokufa watoe siku hiyohiyo, uwafukie mbali na maji. Watakuja watu mwaloni kuwaomba kwa bei ya kutupa. Usiwauzie, hujui wamekufa saa ngapi.