Ovaroli ya Jinzi Hupimwa Mtoto Akichuchumaa

Mtoto wa miaka miwili hakai wima kwa muda mrefu. Mara amechuchumaa kuokota kokoto, mara anaparamia kochi, mara ameketi sakafuni miguu kainyoosha. Ovaroli nyingi ninazoletewa nizirekebishe hazina shida ya miguu wala kiuno, ila zimepungua kati ya bega na msamba. Mtoto akisimama anapendeza, akiinama mikanda inamkata mabega.

Kwa hiyo naanza na kipimo hicho. Mwekee mtoto kitu cha kuchezea sakafuni, akishachuchumaa shika futi kamba kifuani pale kipande cha mbele kitakapoishia. Ipitishe katikati ya miguu, ipande mgongoni, ivuke bega na irudi ulipoanzia. Ongeza inchi mbili. Kama bado anavaa nepi, apimwe nayo. Nyonga nazo ziongezee inchi nne kwenye mzunguko, maana kwa mtoto mdogo siweki mpasuo wa ubavuni. Nguo inateremka yenyewe mikanda ikifunguliwa, na wewe umeokoa kazi ya matundu manne ya vifungo.

Kitambaa natafuta kwenye mtumba. Pale Karume, Ilala, suruali ya jinzi ya mwanaume mnene inatoa ovaroli ya mtoto na chenji ya kitambaa inabaki. Imeshafuliwa mno, kwa hiyo imemaliza kusinyaa na haichujishi rangi kwenye shati jeupe. Soma lebo, uchague ya pamba tupu. Zile zinazovutika hulegea magotini, na mtoto anaishi magotini. Kisha inua mapaja kwenye mwanga, na palipoonyesha upande wa pili usipakate. Ukilazimika kununua jinzi mpya, ifue kwa maji ya moto kabla ya kugusa mkasi, na uchague nyepesi. Jinzi hupimwa kwa uzito wa yadi mraba. Ya wakia 8 inamtosha mtoto, lakini ya wakia 14 aliyoizoea baba yake itasimama kama boksi na mtoto hatakunja goti.

Ukataji ndio ninaoupenda zaidi. Fungua mguu wa suruali kwa mshono wa ndani tu, ule wa nje uuache. Tandaza, utaona una kipande kipana chenye mshono wa kiwandani katikati na pindo tayari chini. Laza pateni yako ili ubavu wa mtoto uangukie juu ya mshono huo na mwisho wa mguu uangukie kwenye pindo. Mbele na nyuma zinatoka pamoja, na mishono miwili migumu kuliko yote umeshashonewa. Acha inchi mbili zaidi za urefu, akunje kwa nje hadi atakapokua. Upande wa nyuma uwe juu kuliko wa mbele kwa inchi moja na nusu, na mkunjo wa msamba wake uwe mrefu zaidi, kwa sababu makalio yanahitaji nafasi.

Shona kwanza mshono wa ndani wa kila mguu. Halafu ingiza mguu mmoja ndani ya mwingine, nyuso za kitambaa zikitazamana, upige msamba mara moja kutoka mbele hadi nyuma. Sipigi ovaloki hapo. Napunguza ukingo mmoja hadi robo inchi, naukunja mwingine juu yake, kisha napiga mstari wa pili. Hakuna uzi wa kumkwaruza mtoto ndani.

Sindano iwe namba 16 na mshono uwe mrefu, milimita 3 hadi 3.5. Ule uzi mnene wa rangi ya dhahabu weka juu tu, na kwenye bobini uwe wa kawaida. Ukifika mahali mishono inapokutana, gonga kitambaa kwa nyundo kwanza kilale, kisha zungusha gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga. Mguu wa cherehani ukiinamia nyuma, weka chini yake kipande cha jinzi kilichokunjwa usawazike. Cherehani yangu ya miguu haina nguvu ya kiwanda, na hivi ndivyo inavyopita tabaka nane bila kuvunja sindano.

Kipande cha kifua ni inchi 6 juu, 8 chini, urefu 7, na bitana yake ni kitenge au shati kuukuu. Mikanda nayo usiishone jinzi kwa jinzi, haitageuzika. Chini weka pamba nyepesi. Ukingo wa kiuno uliobaki ukunje ndani inchi moja na robo, na lastiki ipite nyuma tu, mbele ibaki tambarare. Mikanda ipishane mgongoni, la sivyo itamtelemka mabegani siku nzima. Mfuko wa kifuani nautoa mzima kwenye makalio ya suruali ileile.

Zile ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko zilibuniwa na fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Nevada, na hataza yake yeye na Levi Strauss ilitoka 20 Mei 1873. Zilikuwa za wafanyakazi waliokuwa wakichana mifuko. Za mtoto nazing'oa. Pembe naikazia kwa pembetatu ndogo ya uzi.

Vifungo vya kushona kwa mkono siviweki kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, vikikatika vinaishia mdomoni. Natumia vya chuma vya kugonga, na nyuma ya kila kimoja naweka tabaka la ziada la jinzi ili kisitoboe kitambaa na kutoka. Viwe viwili kila upande, kimoja juu ya kingine, mkanda uongezwe bila kufumua kitu. Na mama anayemfundisha mwanawe poti namwambia asubiri, ovaroli nitamshonea mtoto akishaweza kufungua mikanda mwenyewe.