Nusu Mbili za Okestra: Msamiati wa Ala na Wapigaji kati ya Kilimanjaro na Pwani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika ili onyesho la muziki wa klasiki litangazwe, lielezwe na lihakikiwe. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati huo kwa sehemu kubwa upo, ila umegawanyika katika nusu mbili zilizokulia mahali tofauti. Nusu moja, ya ala za shaba, imekulia katika kwaya za tarumbeta za makanisa ya Kilimanjaro. Nyingine, ya ala za nyuzi, imekulia katika vikundi vya taarab vya Zanzibar. Makala yanapendekeza njia ya kuziunganisha, yakizingatia ngeli, kitenzi *piga* na haki ya mwanamuziki kuitwa kwa ufundi wake.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kuwa okestra imekusanywa kwa ajili ya tamasha na inatarajiwa kupiga Mabogini, katika tambarare ya mpunga iliyo kusini mwa mji wa Moshi. Mahali hapa panafaa kwa mfano wetu. Mradi wa umwagiliaji uliojengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani uliyapa mashamba ya eneo hili maji ya mito ya Njoro na Rau. Wakazi wake wametoka mlimani, Upareni na kwingineko. Wako Wakristo na Waislamu, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mshereheshaji hawezi kutumia Kimochi peke yake, wala hatasaidika kwa Kiingereza.

Mshereheshaji huyo atasimama mbele ya watu na kuwatambulisha wanamuziki mmoja mmoja. Wa kwanza ni mpiga fidla. Hapo hana tatizo. Wa pili ana ala inayofanana na fidla lakini ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Wa tatu amekaa, ala yake ameibana katikati ya magoti. Wa nne anapuliza ala nyembamba ya mbao yenye tete mbili. Asipokuwa na majina, atasema tu kwamba hawa nao ni wanamuziki wetu, kisha atapita. Tatizo linaloshughulikiwa hapa ni hilo: mtu aliyetumia miaka mingi kujifunza kazi yake anatambulishwa mbele ya hadhira bila jina la kazi yake.

Jibu lililozoeleka ni kwamba muziki huu ni wa kigeni na kwa hiyo maneno yake yote yakopwe. Makala haya hayakubaliani na jibu hilo, ingawa hayapingi ukopaji.

2.0 Okestra, Bendi na Jazi

Neno *okestra* lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa. Katika Kigiriki cha kale lilitaja uwanja wa kuchezea ngoma mbele ya jukwaa, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kucheza. Baadaye maana ilihama kutoka mahali hadi kwa watu wanaopiga ala. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na uhamaji huo, kwani *ngoma* ni ala, ni mchezo na ni shughuli nzima ambamo ala hiyo hupigwa.

Kiswahili kilipolipokea neno *okestra* hakikulipokea kwa ajili ya muziki wa klasiki. Nchini Tanzania lilishikamana na muziki wa dansi: Orchestra Maquis na Mlimani Park Orchestra ni majina yaliyojulikana na kila mpenzi wa dansi. Ndivyo lilivyotumika pia *jazi*, ambalo katika majina kama NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, halikutaja mtindo wa Wamarekani Weusi bali kundi la dansi lenye magita na ala za kupuliza. *Bendi*, kwa upande wake, ilikopwa mara mbili. Ukopaji wa mwanzo ulitoa *beni*, jina la ngoma iliyoenea pwani na kisha bara mwanzoni mwa karne ya 20, ikiiga gwaride na bendi za kijeshi. Ukopaji wa baadaye ulitoa *bendi*, umbo linaloihifadhi konsonanti ya mwisho.

Mifano hii inatufundisha kwamba neno la mkopo halifiki na maana yake yote; hupewa maana na taasisi inayolipokea. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya istilahi za okestra ni hili: ni taasisi zipi za Waswahili ambazo tayari zinapiga ala hizi, na zinaziitaje?

3.0 Nusu ya Mlimani: Shaba

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mji waliotoka una historia kubwa ya muziki. Ndiko Johann Sebastian Bach alikofanya kazi kuanzia mwaka 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, na ndiko ilikoanzishwa mwaka 1743 okestra ya Gewandhaus, kwa fedha za wafanyabiashara wa mji huo. Hata hivyo, kilichoota mizizi mlimani si okestra hiyo bali desturi ya Walutheri wa Ujerumani ya kupiga tenzi za kanisa kwa kundi la ala za shaba, katika sauti nne kama za waimbaji. Kwaya za tarumbeta za Kilimanjaro ni warithi wa desturi hiyo. Husikika katika ibada, katika harusi na katika mazishi, na wapigaji wake hupiga nyimbo zilezile za sauti nne ambazo zimekuwa chanzo cha sehemu kubwa ya muziki wa klasiki.

Kiisimu, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, *tarumbeta* ni mkopo wa kale kutoka Kireno *trombeta*, uliokuwapo pwani kabla ya misheni kufika mlimani. Kanisa halikuleta neno jipya. Lilichukua lililokuwapo na kulipanua. Pili, upanuzi huo umelifanya neno hili kuwa jina la jenasi. Katika kwaya ya tarumbeta, ala ndogo ya sauti ya kwanza ni tarumbeta, na ile kubwa inayobeba besi ni tarumbeta pia. Tatu, umbo la wingi la ngeli ya JI-/MA- limepata maana ya ziada. *Matarumbeta* si ala nyingi tu. Ni kundi la wapigaji na huduma yao kwa jumla. Tunasema:

(1) Bibi harusi alipokewa kwa matarumbeta.
(2) Matarumbeta yamekwisha kufika.

Katika (2) waliofika ni watu, lakini upatanisho wa kisarufi unafuata ala. Msamiati wa kwaya unakamilisha picha hii: *nota*, *sauti ya kwanza* hadi *sauti ya nne*, na *mwalimu*, jina apewalo mtu anayesimama mbele na kuongoza kwa mikono. Istilahi hii ya mwisho ina thamani kubwa. Wapo wanaopendekeza *kondakta*, ambalo msikilizaji ataliunganisha na nauli ya basi. *Mwalimu* linaeleza kwa usahihi zaidi, kwa kuwa kazi kubwa ya kiongozi wa okestra hufanyika katika mazoezi, kabla ya onyesho.

4.0 Nusu ya Pwani: Nyuzi

Kwaya ya tarumbeta haina nyuzi. Nyuzi ziko Zanzibar. Masimulizi ya taarab yanaanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na aliyevutiwa na muziki wa Misri. Mwaka 1905 ilianzishwa Nadi Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 ukafuata utangulizi wa kikundi kiitwacho leo Culture Musical Club. Vikundi hivi vilipokua kwa kufuata mfano wa okestra za Misri, udi na kanuni vilizungukwa na safu ya fidla, pamoja na selo na besi ya nyuzi. Tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa mojawapo ya majukwaa ambapo hadhira pana husikia taarab ya aina hiyo, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, hufundisha ala zake.

Majina ya nyuzi, basi, yapo vinywani mwa wapigaji: *fidla*, *selo*, *besi*. Lakini pwani imetoa jambo jingine muhimu zaidi, nalo ni namna ya kulitaja neno *klasiki*. Ilipozuka taarab mpya ya vinanda vya umeme na mipasho, ile ya zamani ilihitaji jina. Haikuitwa taarab ya kale, kwa sababu bado ilikuwa ikipigwa. Wala ya jadi, kwa sababu haikuwa ngoma ya kabila. Iliitwa *taarab asilia*. Kivumishi hiki kinataja muziki wenye kanuni zilizothibiti, unaofundishwa na kurithishwa, unaotumiwa kupima muziki mwingine. Hiyo ndiyo dhana ya klasiki. Hatupendekezi kwamba muziki wa Bach uitwe asilia, maana msikilizaji atauliza ni asili ya nani. Tunachosema ni kwamba mwalimu anayefafanua *muziki wa klasiki* kwa wanafunzi wake asianzie Leipzig. Aanzie Ikhwani Safaa.

5.0 Kitenzi *Piga* na Jina la Mwanamuziki

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa ala karibu zote: *kupiga* ngoma, gita, kinanda, fidla, filimbi na tarumbeta. Fidla husuguliwa kwa uta na tarumbeta hupulizwa, lakini zote hupigwa. Maana ya kugonga imefifia, na kitenzi kinategemea nomino inayokifuata ili kipate maana kamili. *Kupuliza* kipo kwa ala za pumzi, ila hakijaking'oa *kupiga*.

Utegemezi huo unaonekana vizuri zaidi katika nomino za mtendaji:

(3) Mpiga fidla amefika.
(4) *Mpiga amefika.
(5) Mpigaji amefika.

Sentensi (4) haikubaliki, kwa kuwa *mpiga* ni sehemu ya kwanza ya nomino ambatani na haiwezi kusimama peke yake. Sentensi (5) inakubalika kisarufi, lakini katika Kiswahili cha mitaani cha leo *mpigaji* pasipo ala aghalabu humaanisha mtu anayekula fedha za umma. *Mwimbaji* hana tatizo hilo. Sauti yake ni yake. Mpiga ala hupata jina kupitia ala yake. Sarufi yenyewe, basi, inadai kwamba kila ala iwe na jina, la sivyo mwenye kuipiga hatajiki.

6.0 Kuziunganisha Nusu Mbili

Okestra ya klasiki inaziweka pamoja shaba za mlimani na nyuzi za pwani, na kuongeza ala za mbao na za midundo. Njia ya haraka ya kujaza mapengo ni kupanua maana za maneno yaliyopo. Ala ya tete mbili iliyotajwa katika utangulizi, kwa mfano, ina ulimi wa namna moja na *zumari*. Je, tuiite zumari? Tukifanya hivyo tunampa mpigaji wake jina, lakini tunamnyang'anya mpiga zumari wa pwani jina lake, kana kwamba ala yake haikutosha kuwa na neno la peke yake.

Kwaya za tarumbeta zinatuonyesha njia nyingine: neno lililozoeleka litumike kwa jenasi, na mkopo utumike kwa spishi. Tutakuwa na *jamii ya tarumbeta* (tarumbeta, tromboni, tuba), *jamii ya fidla* (fidla, viola, selo, besi), *jamii ya zumari* (obo, basuni) na *jamii ya filimbi*. Mshereheshaji wa Mabogini ataweza kusema:

(6) Huyu ni mpiga obo. Obo ni ala ya jamii ya zumari.

Sentensi hiyo inampa mwanamuziki jina, inampa msikilizaji maana, na inamwachia mpiga zumari ala yake.

Kanuni hii ina mipaka. Ala ya shaba iliyoviringwa kama duara, ambayo kwa mkopo ingekuwa *honi*, isiitwe hivyo, kwani *kupiga honi* ni kazi ya dereva. Hapa *baragumu* linafaa zaidi, maana ala hiyo imetokana na pembe na neno la Kiswahili linataja ala ya pembe. Vilevile, pale ambapo wapigaji wamekwisha kubuni, tusibomoe. Saksafoni kuitwa *mdomo wa bata* na wapenzi wa dansi ni ubunifu unaostahili kuingizwa kamusini kando ya mkopo wake. *Matuazi* nayo yanatosha kwa sahani mbili za shaba zinazogonganishwa. Hakuna haja ya kukopa.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili kinakabili okestra ya klasiki kikiwa na akiba kubwa kuliko inavyodhaniwa, ila akiba hiyo iko katika taasisi mbili zisizokutana mara kwa mara: kwaya ya tarumbeta na kikundi cha taarab. Tumeonyesha pia kuwa muundo wa nomino za mtendaji unaifanya kazi ya kutaja ala kuwa kazi ya kuwataja watu.

Kazi iliyobaki ni ya uwandani. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanashauriwa kwenda kwa walimu wa kwaya za tarumbeta za Moshi na kwa mafundi wa taarab wa Unguja, wakaandike maneno yanayotumika mazoezini: ya kukaza uzi, ya kuvuta pumzi, ya kumwambia mtu kwamba ametangulia mwendo. Maneno hayo hurithishwa kwa mdomo, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, na mwalimu akifa bila mrithi huenda nayo. Mtunga istilahi akawasikilize wapigaji kabla hajaanza kuunda.