Maji ya Barabara Kuu na Bwawa Lako la Samaki: Yape Njia Kabla Hayajakutia Hasara

Msimu wa mvua unakaribia, na wengi wenu mna mashamba kando ya barabara kuu. Eneo la barabarani ni zuri kwa soko, gari la mteja linafika mpaka getini. Lakini mvua ikinyesha, barabara nayo inaleta mzigo wake shambani kwako. Leo tujifunze namna ya kuupokea.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimshauri kijana mmoja wa kata yangu achimbe bwawa la mita 20 kwa 10 chini kidogo ya kalavati. Niliona maji yanashuka pale kila mvua, nikamwambia, "Haya ni maji ya bure, yakinge." Akapanda vifaranga 600 vya perege. Mwezi wa nne samaki walikuwa wanaridhisha. Ikaja mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, ikanyesha usiku. Asubuhi akanipigia: "Afisa, njoo uone." Nilikuta maji rangi ya chai ya maziwa, juu yana utando unaong'aa kama upinde wa mvua na harufu ya dizeli. Samaki waliobaki hai walikuwa wanahema juu ya maji. Wengi walishaelea.

Kijana hakunilaumu, lakini ile hasara ilikuwa na mkono wangu. Tangu siku ile nilibadili somo: maji ya barabarani si ya bure.

Maji haya yamebeba nini?

Kiangazi chote lami inakusanya vumbi, mafuta yanayovuja, unga wa matairi wenye zinki na unga wa breki wenye shaba. Mvua ya kwanza inaosha vyote kwa mkupuo, ndiyo maana maji ya mwanzo ndiyo mabaya zaidi. Kingo za barabara na mitaro ya udongo nazo zinaongeza tope.

Tope linaziba matamvua, samaki anashindwa kupumua. Pia linazuia mwanga, ule ukijani wa maji unaotengeneza hewa na chakula unakufa. Uchafu unaooza nao unakula hewa iliyobaki.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kule jimbo la Washington, Marekani, samaki wa mtoni aina ya coho, jamii ya samoni, walikuwa wanakufa kila mvua inaponyesha karibu na barabara zenye magari mengi. Mwaka 2020 watafiti walieleza chanzo: kemikali inayowekwa kwenye matairi ili yasipasuke haraka, ikikutana na hewa inageuka kuwa sumu iitwayo 6PPD-kwinoni. Si kila samaki anaathirika kama coho. Ila kuna funzo la kutusaidia: maji yaleyale ya barabara yalipopitishwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji, coho waliowekwa humo hawakufa. Udongo ukipangwa vizuri ni kichujio.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua kipande cha barabara cha mita 200, na upande unaomwaga kwako una upana wa mita 5. Hiyo ni mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 30 inakuletea karibu lita 30,000, kwa sababu lami hainywi maji. Hapo hujahesabu maji ya kingo na mashamba ya juu. Sasa hebu pima kipande chako.

Hatua ya 2: Mtaro wa kukinga

Kama una kisima, chemchemi au mfereji safi, usiyaingize kabisa maji ya barabara bwawani. Chimba mtaro upande wa juu wa bwawa, udongo uutupe upande wa bwawa uwe tuta. Mteremko uwe mdogo, kama sentimita 50 kwa kila mita 100, maji yasikimbie na kukata ardhi. Panda vetiva au majani mengine yenye mizizi mingi kwenye tuta. Mwisho wa mtaro maji yatawanyike kwenye eneo la nyasi, yapungue kasi na kuacha tope kabla ya kufika mtoni. Samaki wa mtoni nao ni samaki, na kuna watu chini wanawategemea.

Hatua ya 3: Shimo la kutuliza tope na kichujio

Kama huna chanzo kingine, usiyapeleke moja kwa moja. Chimba shimo refu na jembamba. Kwa hesabu yetu ya juu, mita 12 kwa 3, kina mita 1, linabeba lita 36,000. Maji yaingie ncha moja, yatokee ncha nyingine. Kwenye bomba la kutokea funga elbo inayotazama chini, mdomo wake uwe sentimita 30 chini ya uso wa maji. Mafuta yanaelea, kwa hiyo yanabaki shimoni.

Kutoka hapo maji yapite kwenye kichujio: chini kokoto, juu yake mchanga sehemu 3 uliochanganywa na mboji iliyoiva sehemu 2. Usitumie samadi mbichi. Maji ya mara za kwanza yatupe nje mpaka kichujio kisafike. Na ile mvua ya kwanza ya msimu iache ipite kwenye mtaro, usiikinge kabisa.

Tope la shimoni lichotwe kiangazi. Najua litaonekana jeusi na zuri, lakini usiliweke kwenye mchicha wala mboga yoyote. Lina mafuta na madini ya magari.

Sheria inasemaje?

Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Usichimbe shimo wala mtaro humo bila kibali cha TANROADS, na usizibe kalavati hata siku moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Kutumia maji ya mto kibiashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lako, na kumwaga maji machafu mtoni vilevile.

Sheria inakulinda pia. Ujenzi wa barabara kuu unafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kama mkandarasi anakumwagia tope, piga picha zenye tarehe, andika barua kupitia mtendaji wa kijiji kwenda kwa wasimamizi wa barabara, nakala NEMC. Usimalizie hasira kwa kumgeuzia jirani maji. Utahamisha kesi tu.

Maji machafu yakishaingia

Funga mlango wa kuingizia mara moja. Acha kulisha. Ingiza maji safi yakirushwa kutoka juu ili yachukue hewa, na toa ya zamani taratibu. Samaki waliokufa wafukie mbali na chanzo cha maji. Yule kijana alitaka kukaanga wale waliokufa auze apate japo nauli. Nilimkatalia, iliniuma, lakini mteja akiumwa tumbo, biashara yako imekufa na wao.

Leo bwawa lake liko palepale, lina mtaro juu na shimo pembeni. Alivuna mwaka uliofuata. Kabla mvua haijaanza, chukua jembe ukazunguke bwawa lako. Ukikwama, muone afisa ugani wa kata yako. Kazi njema.