SOMO: KUHAMISHA KUMBUKUMBU ZA KIKUNDI KUTOKA DVD HADI KOMPYUTA

Somo la leo ni la kazi ya mikono, lakini linagusa mali ya kikundi ambayo wengi wetu tumeisahau ndani ya kabati.

Zamani kidogo, kabla simu za kamera hazijafika kila mkono, vikundi na jamaa walirekodi mambo yao kwa deki ya DVD. Harusi, harambee, ngoma, mikutano ya mashamba, maneno ya wazee, yote yalitiwa kwenye diski. Leo tunataka kuzitoa picha hizo, tuzitie kwenye kompyuta, tukate yasiyotakiwa na kubakisha yenye faida. Yawezekana, tena bila gharama kubwa. Bali kuna neno moja la kushika kabla ya yote: NAKILI KWANZA, KATA BAADAYE.

Kwa nini tufanye haraka?

Diski hazidumu milele, hasa zile za kurekodia nyumbani. Ndani yake mna rangi inayochomwa kwa mwanga, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Huku kwetu deltani vyote vitatu tunavyo. Tena kuna mafuriko. Yale ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023, kila mara watu walihama na walichoweza kubeba tu. Nani atakumbuka diski wakati maji yako mlangoni?

Jambo la pili ni mashine zenyewe. Deki za kurekodia ni shida kuzipata madukani siku hizi, na kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kutia diski.

Tuchukue mfano

Tuseme kikundi cha wakulima wa mpunga hapo Kau kina diski moja ya saa mbili. Ndani yake wazee wanazungumza juu ya mto. Wanataja mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, na jinsi maji ya Tana yalivyokuja kufuata njia hiyo hadi baharini Kipini. Wanataja pia mahali ambapo maji ya chumvi yalikuwa yakiishia zamani, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Leo maji ya chumvi yanapanda na kuharibu mpunga. Kikundi kinataka kutoa dakika kumi tu za maneno hayo, kiyaonyeshe kwenye baraza. Wazee wengine hawako tena. Diski ikifa, ushahidi huo umekwisha, kwani nani mwingine atauliza maswali yale na kupata majibu yale?

Basi tuifanye kazi hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tazama kama diski imefungwa

Deki ikimaliza kurekodi, diski bado iko wazi mpaka ifungwe. Kwenye menyu ya deki jambo hilo huandikwa Finalize. Dalili ya diski isiyofungwa ni hii: kwenye deki yake inacheza vizuri, lakini ukiitia kwenye kompyuta inaonekana tupu.

Hapa ndipo watu wanapopoteza mali. Kompyuta ikiiona diski kama tupu, huweza kuuliza kama unataka kuitayarisha upya. USIKUBALI. Jibu hapana, itoe, uirudishe kwenye deki ile ile iliyoirekodi, uifunge huko. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati diski yaweza kuharibika. Kama mnatumia sola, hakikisheni betri imejaa.

Je, deki imekufa au imeuzwa? Tafuteni kwa majirani deki ya kampuni ile ile, ikiwezekana ya aina ile ile. Ikikosekana, iko programu ya IsoBuster, ambayo mara nyingi huweza kusoma diski isiyofungwa. Njia ya mwisho ni kuicheza kwenye deki yoyote inayoikubali na kupitisha picha kwa nyaya tatu, manjano, nyekundu na nyeupe, hadi kifaa kidogo cha kunasa kinachochomekwa kwenye kompyuta. Njia hii ni ya polepole: diski ya saa mbili itakula saa mbili.

Hatua ya 2: Safisha

Chukua kitambaa laini, kikavu na safi. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua. Usifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko hudhuru zaidi. Usiandike kwa kalamu ngumu juu ya diski.

Hatua ya 3: Nakili diski nzima

Kompyuta isiyo na mahali pa diski yahitaji kisomeo cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Kimoja chatosha vikundi vingi, kwa hiyo changeni.

Ukiifungua diski utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili yanayoishia na VOB. Usishangae kuona picha ya saa mbili imekatwa vipande vipande. Faili moja la VOB halizidi gigabaiti 1, na diski ya kawaida hubeba 4.7. Nakili folda nzima kama ilivyo, usichague. Baadhi ya deki hurekodi kwa namna nyingine. Hapo utaona folda ya DVD_RTAV yenye faili linaloishia na VRO. Hiyo nayo nakili yote.

Kwa kisomeo kizuri, diski nzima huchukua kama dakika 10 hadi 20. Ikikwama, usiilazimishe. Itoe, isafishe tena, ujaribu kisomeo kingine. Mara nyingi diski inayokataliwa na mashine moja hupokelewa na nyingine.

Hatua ya 4: Andika jina

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ipe folda jina linaloeleweka: mwaka, mahali, jambo. Kwa mfano: 2009 Kau mkutano wa mpunga. Kisha katibu aandike kwenye daftari nani anazungumza na diski ilitoka kwa nani. Hadi diski ya nje ya gigabaiti 500 itabeba diski kama 100 za namna hii.

Hatua ya 5: Kagua, kisha weka nakala mbili

Fungua nakala kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Tazama mwanzo, katikati na mwisho, usikilize na sauti. Ukiridhika, fanya nakala ya pili na uiweke mahali pengine kabisa. Nakala mbili ndani ya nyumba moja ni sawa na moja, mafuriko yakija. Moja yaweza kukaa kijijini na nyingine kwa mtu wa kuaminika Garsen au Malindi, penye mwinuko. Diski yenyewe msiitupe.

Hatua ya 6: Unganisha na ukate

Sasa ndiyo kazi ya kuhariri. Programu ya MakeMKV huunganisha vipande vya VOB kuwa faili moja bila kupunguza ubora, nayo kwa DVD haitozi pesa. HandBrake, ya bure pia, hutoa faili dogo la MP4 linalofaa kwa simu. Kwa kukata na kupanga, zipo Shotcut na Kdenlive, zote za bure.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, picha za deki husukwa kwa mistari inayopishana. Kwenye kompyuta mtu akipunga mkono utaona kama meno ya kitana. Programu hizi zina mahali pa kuondoa mistari hiyo, kwa jina la Deinterlace. Pili, watu wakionekana wanene au wembamba kuliko kawaida, umbo la picha limekosewa; chagua 4 kwa 3, au 16 kwa 9. Tatu, picha ya DVD ya huku kwetu ina nukta 720 kwa 576. Kuikuza hakuongezi uwazi, hukuza faili tu.

Kabla ya kukata, kaeni pamoja na kalamu. Sikilizeni yote, mwandike dakika na neno: dakika ya 14, mzee anataja mwisho wa maji ya chumvi. Mkishaandika hivyo, kukata ni kazi ya mchana mmoja. Na mkate kwa haki. Msiunganishe maneno ya mtu mpaka yakasema asilolisema, maana hapo mmeharibu ushahidi wenu wenyewe.

Ruhusa

Kikundi kinakili kilichorekodi chenyewe. Filamu za dukani zina wenyewe. Na kabla ya kuonyesha hadharani, waulizeni waliomo ndani; aliyefariki, waulizwe watoto wake. Mambo ya nyumbani ya harusi ya mtu hayafai kuzungushwa kwenye simu za kijiji kizima.

Msiache nyimbo

Vikundi vingine husema, diski yetu ina akina mama wanaimba tu. Jamani, msidharau. Sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wimbo huo ulifika kwa taifa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeukumbuka. Nanyi nakilini za kwenu leo, zisitegemee kukumbukwa na mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Tuna diski ngapi, na ziko kwa nani? Andikeni orodha leo.
2. Zipi hazijafungwa? Deki iliyozirekodi iko wapi?
3. Kipi kitapotea kabisa diski moja ikiharibika? Hiyo ndiyo ya kuanza nayo.
4. Nani atatunza nakala ya kwanza, nani ya pili, na nani ataruhusiwa kuziazima?
5. Twaweza kuchanga na vikundi gani kununua kisomeo na hadi diski, ili nauli ya kwenda kutafuta kompyuta mjini iwe moja badala ya kumi?