Juu Pakavu, Chini Pamelowa: Adabu za Kutangaza Nyumba Mtandaoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa letu la toleo hili linahusu kazi ambayo wengi wetu tumeshatumwa, au tutatumwa, na wazee wetu: kutangaza nyumba kwenye simu. Wazee wana nyumba, sisi tuna simu na maneno. Tunapiga picha, tunaandika mistari mitano, tunatupa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, kisha tunarudi kusomea mitihani. Ni wachache wanaojiuliza kama mistari ile mitano ina hesabu mbele ya Allah. Mimi sikujiuliza mpaka nilipoulizwa na mtu aliye mbali.

Kisa chenyewe

Baba yangu mkubwa alifariki akaacha mjane, mabinti wawili walioolewa, na mtoto wa kiume wa miaka 9. Aliacha pia madeni, na nyumba moja hapa Buyenzi: kiwanja cha ari 3, nyumba ya vyumba vinne upande wa barabara, na vyumba vitatu vya uani vilivyopangishwa. Warithi walikubaliana iuzwe, madeni yalipwe, kila mtu apate fungu lake. Baba mdogo ndiye aliyesimamia haki ya yule yatima, na mimi nikapewa kazi ya tangazo.

Nyumba ina aibu moja. Ukuta wa nyuma una ufa uliopanda kutoka msingini hadi usawa wa dirisha, na mvua za Machi na Aprili zikikaza, maji huingia chumba cha nyuma. Tulipiga rangi. Nikapiga picha sita za upande wa mbele, asubuhi, jua likiwa zuri. Nikaandika: nyumba nzuri sana, kama mpya, mtaa tulivu, karibu na kila kitu, bei ya kuelewana, wahi kabla haijachukuliwa.

Mtaa tulivu! Ndugu zangu, mnaijua Buyenzi. Nyundo za magereji zinaamka kabla ya duka la mkate.

Wiki mbili watu walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kusema kitu. Kisha akaniandikia mzaliwa wa Buyenzi anayefanya kazi Muscat. Alitaka kumnunulia mama yake nyumba, na alikuwa tayari kutuma arbuni siku ileile. Akauliza jambo moja tu: “Mama yangu ni mtu mzima, kelele za barabarani zinamsumbua. Nataka alale chumba cha nyuma. Chumba hicho kiko salama?”

Nilimpelekea baba mdogo simu asome. Akaniambia: “Mwanangu, ukisema ukuta una ufa, unapunguza mali ya yatima. Unajua Qur'ani imesema nini kuhusu mali ya yatima. Wewe ni mwandishi tu, muuzaji ni mimi. Mwambie aje aone mwenyewe.”

Hoja hiyo si nyepesi, na baba mdogo hakuwa mtu wa hila. Alikuwa na hofu ya kweli juu ya mtoto. Ilinibidi nirudi kwenye vitabu na kwa ustadhi wetu, na niliyoyapata ndiyo darsa la leo.

Somo la kwanza: Rundo la chakula

Katika Sahih Muslim, Abu Hurayra (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula. Akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye chakula kuna nini. Yule mtu akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tazama vizuri kosa lilikuwa nini. Hakuna mahali palipotajwa kwamba yule mtu alitamka uongo. Chakula kilikuwa chake, mvua haikuwa kosa lake, na kukiuza hakukukatazwa. Kosa lilikuwa mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini. Picha zangu sita za mbele zilikuwa rundo lilelile. Hata mvua ilikuwa ileile.

Basi kipimo cha kwanza cha tangazo ni hiki: mnunuzi akija na kuingiza mkono ndani, atakuta nini ambacho hukukiweka juu?

Somo la pili: “Mimi ni mwandishi tu”

Wathila bin al-Asqa' (R.A.) alimkuta mtu ametoka kununua ngamia. Muuzaji hakuwa Wathila. Akamuuliza mnunuzi kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Mnunuzi akasema anamtaka kwa safari. Wathila akamjulisha kwamba ngamia yule ana tundu kwenye unyayo, safari ndefu haiwezi. Muuzaji akalalamika kwamba biashara yake imeharibiwa. Wathila akajibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): si halali kwa muuzaji kunyamazia aibu ya kitu, wala si halali kwa anayeijua kutoibainisha. Kisa hiki kimepokewa na Imam Ahmad na wengineo.

Hapo ndipo uandishi wangu ulipopata jina lake. Anayejua ana wajibu, hata kama bidhaa si yake na faida si yake. Hili liwaguse hasa ndugu zetu wanaojitafutia ada ya chuo kwa kazi ya ukomisyoneri. Angalieni pia swali la Wathila: nyama au safari? Aibu hupimwa kwa matumizi. Kwa atakayevunja na kujenga upya, ufa si kitu. Kwa mama mzee atakayelala chini ya ukuta ule, ufa ni kila kitu.

Na wala tusijifiche nyuma ya maneno “inauzwa kama ilivyo”. Kwa madhhab ya Imam Shafi'i (R.A.), ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, sharti la namna hiyo halimwokoi muuzaji wa nyumba aliyeijua aibu akanyamaza. Mnunuzi akiigundua, ana haki ya kuirudisha.

Somo la tatu: Mali ya yatima

Suratun Nisaa imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima, na baba mdogo alikuwa sahihi kuiogopa aya hiyo. Lakini mali ya yatima ni ipi? Ni nyumba yenye ufa. Thamani ya nyumba yenye ufa ni yake yote, na walii haruhusiwi kuipunguza hata faranga moja kwa uvivu au kwa kumpendelea jamaa. Ama ile nyongeza inayopatikana kwa sababu mnunuzi hajui, hiyo haijawahi kuwa mali ya yatima. Ni mali ya mnunuzi iliyotolewa mfukoni mwake bila ridhaa ya kweli. Kumlisha yatima nyongeza hiyo ni kumlisha cha mwenzake.

Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba wauzianaji wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Nani anahitaji baraka kuliko mtoto wa miaka 9?

Somo la nne: Aliye mbali

Uthman bin Affan na Talha bin Ubaydullah (R.A.) waliwahi kuuziana ardhi iliyokuwa Kufa bila kuiona. Kila mmoja akadhani khiyari ni yake. Wakamfanya Jubayr bin Mut'im (R.A.) kuwa mwamuzi, naye akaamua khiyari ni ya Talha, yaani mnunuzi. Mahanafi wameshika njia hiyo: mnunuzi asiyeona ana khiyari atakapoona. Kwa Mashafi'i, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba mauzo ya kitu ambacho mmoja wao hajakiona hayasihi.

Kwa hiyo picha, hata zikiwa nzuri vipi, ni mwaliko wa kuja kuona. Aliye Muscat, Dubai au Ulaya amteue wakala anayemwamini, aje aone na kufunga mauzo kwa niaba yake. Na arbuni isichukuliwe kwa pupa. Jumhuri ya wanazuoni hawakuijuzisha ile ambayo muuzaji hubaki nayo mauzo yakivunjika, Imam Ahmad ameijuzisha. Muulizeni ustadhi kabla hamjaipokea.

Tangazo lililo bora ni lipi?

Uislamu haukukataza kupamba bidhaa. Kufagia ua, kufungua madirisha, kupiga picha asubuhi kukiwa na mwanga, yote ni mazuri. Yafuatayo ndiyo niliyoyabadilisha:

1. Picha. Kila chumba kipigwe kutoka pembeni, ili upana wake uonekane. Choo, jiko, ua, barabara ya mbele, na aibu yenyewe kwa karibu. Vyumba vya wapangaji havipigwi bila idhini. Suratun Nur imetufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na kamera huingia na watu wengi nyuma yake. Kanga za mama wa watu zilizoanikwa uani hazihusiani na mauzo yako.

2. Vipimo badala ya sifa. “Kubwa” haina maana. Ari 3 ina maana. “Karibu na kila kitu” haina maana. Dakika ngapi kwa miguu hadi msikitini, hadi soko la Ruvumera, hadi kituo cha basi, hiyo ina maana.

3. Hati. Sema ipo au haipo, iko kwa jina la nani, na kama warithi wote wameridhia. Lakini usiweke picha ya hati kwenye kundi, matapeli wanaisubiri. Ionyeshwe ana kwa ana.

4. Maji, umeme, wapangaji. Mita ni ya nyumba au ya kushirikiana? Wapangaji wangapi, na wamelipa hadi lini?

5. Bei. Itajwe. Msiwaweke marafiki waandike chini yake “mimi naongeza” ilhali hawanunui. Hiyo ni najash, aliyoikataza Mtume (S.A.W.), na simu haikuihalalisha.

6. Mkishakubaliana na mtu, andika imeuzwa. Tangazo lililoachwa wazi linamwita wa pili aje juu ya mauzo ya wa kwanza.

Tangazo la pili nililoliandika lilikuwa hivi, ukiacha bei na namba ya simu:

“Nyumba ya familia inauzwa, Buyenzi. Ari 3. Nyumba ya mbele vyumba 4 na sebule, uani vyumba 3 vyenye wapangaji. Maji na umeme vina mita yake. Hati ipo kwa jina la marehemu, warithi wote wameridhia. Mtaa una magereji, kelele zipo mchana, usiku ni kimya. Ukuta wa nyuma una ufa (tazama picha ya 7) na chumba cha nyuma huingia maji mvua ikiwa kubwa. Ukuta unahitaji kujengwa upya kabla ya kulala mtu. Bei imezingatia hilo. Kuona: Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri. Njoo na fundi wako.”

Matokeo

Ndugu wa Muscat nilimjibu kabla ya yote, nikamtumia picha ya ufa. Akashukuru, akajitoa. Baba mdogo hakusema nami siku tatu.

Sitawadanganya kwamba ukweli huuza haraka. Wiki nne za kwanza simu ilipungua. Lakini waliokuja sasa walikuja na mafundi, na hakuna aliyeondoka kimya: walibishana bei, dalili kwamba wanataka kununua. Nyumba ilinunuliwa na fundi mwashi wa mtaa wa pili, kwa bei ya chini kuliko tuliyoiota na ya juu kuliko aliyotutajia komisyoneri wa kwanza. Aliniambia alikuja kwa sababu ya picha ya 7. Ukuta aliouona angeweza kuuhesabu kwa matofali na saruji; waliomtisha ni wauzaji ambao nyumba zao hazina kasoro hata moja.

Madeni ya marehemu yalilipwa. Fungu la mtoto limehifadhiwa. Baba mdogo bado anasema tulipoteza, ila mvua za Machi zilipoanza kunyesha usiku, alinipigia simu kuuliza kama yule fundi ameshaujenga ukuta. Nikamwambia ameshaubomoa na kuujenga upya. Akasema alhamdulillah, akakata simu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Mwenye nyumba amekuomba ufute mstari wa aibu kwenye tangazo. Je, unaweza kuendelea kulisambaza? Rejea kisa cha Wathila.
2. Kipi ni kupamba na kipi ni kughushi: kupiga rangi ukuta mzima, au kupiga rangi juu ya ufa?
3. Fungua simu yako. Katika vitu ulivyowahi kutangaza, kuna rundo lililo kavu juu tu? Kama mnunuzi yupo, mtafute.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wakweli katika kauli zetu na picha zetu, awarehemu waliotutangulia, na awatilie baraka mayatima wetu katika kila walichorithi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.