Pedeli ya Breki Inapolegea

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliokwisha kupita hapa na ambao wengi wenu sasa mna magari, neno hili nililijifunza kwa hofu kabla ya kujifunza kwa spana.

Mwaka 2024 tulikuwa tukirudi Kisoro kutoka Kabale, wavulana watano katika pikapu ya shule. Tulipokuwa tukiteremka Kanaba, dereva wetu alikanyaga breki mara mbili upesi, tena mara ya tatu, kisha akaingiza gia ya pili, halafu ya kwanza. Hakusema kitu mpaka tulipofika chini.

"Mzee, breki zimeharibikaje, na asubuhi zilikuwa nzuri?" nikamwuliza.

"Kijana, hazikuharibika leo," akanijibu.

Tukumbuke somo la fizikia. Pascal, yule Mfaransa, alionyesha kwamba msukumo juu ya maji yaliyofungiwa hufika sawasawa kila upande. Mguu husukuma pistoni ndogo ya masta silinda. Mafuta hupita katika mabomba na kusukuma pistoni kubwa zaidi kwenye magurudumu. Ikiwa ya kwanza ina eneo la sentimeta 3 za mraba na ya pili 9, nguvu huwa mara tatu. Lakini hakuna cha bure: ile kubwa husogea theluthi tu ya mwendo wa ile ndogo. Hapo ndipo penye siri. Mwendo wenyewe ni mdogo sana, wala mafuta hayabonyei, upepo hubonyea. Kwa hiyo povu dogo tu laweza kumeza mwendo wote wa mguu wako.

Povu hilo latoka wapi? Pengine mafuta yamevuja, upepo ukaingia. Pengine, kama kwetu, mafuta yamezeeka. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji, kiwango chake hushuka mpaka 155. Mteremko mrefu wenye breki za kila mara huyachemsha, yakawa mvuke. Mzee alikiri kwamba alianza kuteremka na gia kubwa mno.

Basi chunguza kwanza. Pedeli ikipanda na kuwa ngumu ukiipampu, shuku upepo, au viatu vya breki vya nyuma vilivyo mbali na dramu. Ikizama polepole huku umeikanyaga tu, tazama kama magurudumu yamelowa kwa ndani. Yakiwa makavu, shuku raba za masta silinda. Tena mwenzako akanyage huku wewe unatazama mipira ya mafuta: unaovimba ubadilishwe. Ukiwasha injini na pedeli ikashuka kidogo, usiogope, hiyo si ila.

Jumamosi tulitoa upepo. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, la mbele kushoto, mwisho la mbele kulia. Nilivika kibomba cheupe kwenye nipeli, ncha yake nikaizamisha katika chupa yenye mafuta kidogo. Mzee alikanyaga na kushikilia, nikafungua nipeli, mapovu yakatoka, nikafunga, ndipo nikasema, "Achia, Mzee." Mara moja nilichelewa kufunga, naye akaachia, upepo ukarudi ndani, tukaanza upya. Alinitazama tu, na mtazamo ule ulitosha.

Usiache kopo la juu likauke, la sivyo kazi yote ni bure. Usirudishe mafuta yaliyotoka. Usitie mafuta ya injini hata tone, kwani huvimbisha raba. Yale ya breki yakidondokea rangi ya gari, yaoshe upesi kwa maji. Gari lenye ABS laweza kuhitaji mashine ya fundi. Hapo usijifanye bingwa.

Hatukutoka barabarani moja kwa moja. Tulijaribu polepole katika uwanja wa mpira, Mzee akiendesha nami nikikaa kando yake. Pedeli ilisimama juu, ngumu kama gogo.